Nidhamu si kumbukumbu

Shirika la umma likianza kuyumba nchini, jibu moja halichelewi kufika: lipewe jeshi. Lilisikika wakati KMC, kiwanda cha nyama cha serikali, ilipowekwa chini ya Wizara ya Ulinzi mwaka 2020. Hapa Kisumu limekuwa kama kibwagizo tangu mafundi wa Jeshi la Wanamaji waifufue MV Uhuru, meli ya mabehewa ya miaka ya 1960 iliyokuwa imelala gatini kwa zaidi ya miaka 10, kisha karakana ya Kenya Shipyards, iliyo chini ya wizara hiyo hiyo, ikaunda MV Uhuru II yenye urefu wa karibu mita 100. Wenye kutoa jibu hilo hujenga hoja yao hivi: wanajeshi wana nidhamu, kwa hivyo wakishaijua kazi hawaisahau. Nusu ya kwanza sina ugomvi nayo. Nusu ya pili imegeuza mambo juu chini. Jeshi, lolote lile duniani, husahau upesi kuliko benki, kuliko hospitali, pengine hata kuliko viwanda vyetu vya sukari, kwa sababu limeundwa makusudi ili watu wake wahamehame. Maarifa yake huvuja kwa utaratibu kabisa, siku ya makabidhiano, karatasi zote zikiwa zimetiwa sahihi.

Tuutazame utaratibu huo. Ofisa hukaa kwenye wadhifa mmoja miaka 2 au 3, kisha barua ya uhamisho inafika. Vikosi vinavyokwenda Somalia hupokezana. Askari wa cheo cha chini hustaafu akiwa bado na nguvu zake, katika umri ambao mwalimu wa sekondari ndiyo kwanza anangoja kuwa naibu mkuu wa shule. Siku ya kuondoka, kwata masta, yaani msimamizi wa stoo, humhesabia kila alichopewa: bunduki kwa namba yake, helmeti, blanketi, hadi kijiko. Rejesta hiyo haina safu ya kuuliza mtu huyu anajua nini ambacho mwenzake kambini hakijui. Halafu kuna suala la ikama, yaani idadi ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa. Kila kazi ina kiti kimoja, na mrithi hapangiwi mpaka kiti kiwe wazi. Anayestaafu naye ana siku za likizo alizolimbikiza, hivyo huanza kuzila kabla tarehe yake haijafika. Mara nyingi basi anayetoka na anayeingia hawaonani kamwe, wanaachiana faili tu.

Faili hubeba nini? Hubeba yaliyokwisha kusemeka. Chukua kazi ya kuchomelea mabamba ya meli pale ufukweni. Kitabu kitakwambia utumie vijiti vya aina ya E7018, vile vyenye ganda la hidrojeni kidogo, na kwamba pakiti ikifunguliwa vijiti vikae kwenye tanuri dogo la nyuzi 120 hivi, visizidi saa 4 nje. Kitabu hakikwambii kwamba upepo wa ziwa una unyevu wa kulilainisha ganda upesi kuliko anavyodhani fundi aliyejifunzia kazi bara kavu, wala kwamba kibarua aliyetumwa kuleta vijiti atachukua vya kumtosha siku nzima ili asirudi stoo mara ya pili. Unyevu ukiingia, hidrojeni hujificha ndani ya mshono. Siku hiyo mshono unang'aa, mkaguzi anaupitisha, na baada ya siku moja au mbili ufa unajitokeza chini ya rangi. Kuna pia mpangilio wa kuchomelea. Chuma kikipata moto hutanuka na kikipoa hujikaza, na ukianzia pembeni kuja katikati unaufungia mkazo huo mahali usikoweza kutoka, bamba linapinda kama chapati iliyosahaulika kwenye tawa. Huanzia katikati, huenda nje, upande huu na upande huu kwa zamu. Fundi mwenye miaka 15 kazini hafikirii tena juu ya hayo. Ukimwomba ayaandike kwenye hati ya makabidhiano ataandika mistari mitatu, kwa uaminifu kabisa, na yote muhimu yatakuwa nje ya mistari hiyo.

Wakubwa wenye fedha nao wameumbuka kwa jambo hili. Marekani ilikuwa na kemikali ya siri iliyoitwa Fogbank, sehemu ya kichwa cha nyuklia cha W76, iliyotengenezwa kwenye kiwanda cha Y-12 huko Oak Ridge, Tennessee, kuanzia mwaka 1975 hadi 1989. Miaka ya 2000 ilipofika na vichwa hivyo vikahitaji kukarabatiwa, iligundulika kwamba kumbukumbu zilizoandikwa zilikuwa chache na karibu wataalamu wote walikuwa wamestaafu au kuhama. Walijenga mitambo mipya, wakafuata taratibu za zamani hatua kwa hatua, bidhaa ikatoka mbovu. Kilichopatikana baada ya miaka na mamilioni ya dola ndicho kinachonikosesha usingizi kuliko ule usahaulifu wenyewe: malighafi ya zamani ilikuwa na uchafu fulani uliokuwa ukisaidia, nao mtambo mpya uliusafisha vizuri zaidi kuliko ule wa zamani. Hata waliotengeneza Fogbank enzi zile hawakujua kwamba uchafu ule ulikuwa kiungo. Huwezi kumhoji mzee siku yake ya mwisho kazini akakupa jambo asilojua kwamba analijua. Litapatikana tu kwa kufanya kazi pamoja naye na kuona anachofanya.

Waingereza wana yao pia. Walipomaliza kusanifu nyambizi za Vanguard, walikaa muda mrefu bila kusanifu nyingine. Wasanifu wakazeeka, wakatawanyika. Kazi ya nyambizi za Astute ilipoanza, ratiba ilipasuka kwa miaka na gharama ikapanda, hadi mwaka 2003 ikabidi wahandisi wa General Dynamics Electric Boat, kampuni ya kuunda nyambizi, waletwe kutoka Marekani kuwashika mkono. Somo la kwao ni la idadi: meli moja bila ya pili kufuatia ni shule ambayo wanafunzi wamehitimu na milango ikafungwa. Kisumu tumeishi hadithi hiyo mara kadhaa, maana hapa meli zimekuwa zikiunganishwa tangu William Mackinnon iliyoelea mwaka 1900, ikiwa imeletwa kwa vipande kutoka Scotland. Kila kizazi kilianza karibu upya. Ndiyo maana ninapoona watu wakipiga picha mbele ya MV Uhuru II, mimi hutaka kujua orodha ya mafundi iko wapi, na wangapi kati yao watakuwepo chuma cha meli ijayo kitakapokatwa.

Karakanani hasara ni chuma na fedha. Mahali pengine ni watu. Tarehe 26 Juni 2015, Al-Shabaab waliivamia kambi ya Burundi huko Leego, Somalia. Tarehe 1 Septemba mwaka huo huo wakaivamia ya Uganda huko Janaale. Tarehe 15 Januari 2016 ikawa zamu ya El Adde, kambi ya Kenya, na siku 12 baadaye marais watatu walisimama kwenye ibada ya kumbukumbu katika kambi ya Moi, Eldoret. Njia ilikuwa ya aina moja: gari lililojaa vilipuzi hupasua lango au ukuta mapema asubuhi, kisha wapiganaji wengi humiminika kabla walio ndani hawajajua wamepigwa na nini. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Januari 2017, ilikuwa Kulbiyow, tena kambi ya Kenya. Mei 2022 Burundi walipigwa El Baraf, na Mei 2023 Uganda wakapigwa Buulo Mareer. Sisemi kwamba hakuna aliyejifunza. Ninachosema ni kwamba somo lililolipiwa kwa damu na nchi moja lilihitaji kuvuka hadi nchi ya pili na ya tatu kwa kasi kuliko mshambuliaji alivyoweza kulirudia, na mshambuliaji alikuwa na faida moja kubwa: yeye hakuwa akihamishwa kila mwaka.

Wanaofanya kazi hii ya masomo ya kijeshi hutofautisha vitu viwili ambavyo katika hotuba zetu huchanganywa. Kuna somo lililotambuliwa, na kuna somo lililoshika. La kwanza ni sentensi kwenye ripoti: ukuta wa nje ulikuwa karibu mno na mahema. La pili ni pale umbali wa ukuta unapobadilishwa kwenye kitabu cha ujenzi wa kambi, mchanga na vizuizi vinapoagizwa, kuruta anapofundishwa hivyo tangu mwanzo, na mkaguzi anapokwenda na futi yake kupima. Kati ya la kwanza na la pili kuna hatua ambazo hazina sherehe: kukusanya, kuchambua chanzo, kumtaja kwa cheo atakayerekebisha na tarehe yake, kurekebisha, kisha kujaribu kama rekebisho linafanya kazi. NATO waliunda kituo chao cha kazi hiyo Ureno mwaka 2002. Marekani walikuwa wameshaanzisha chao Fort Leavenworth mwaka 1985. Ripoti nyingi, hata huko, hukwama katikati. Mtu huandika mapendekezo, wote wanayasifu, hakuna jina kando yake.

Sasa niwape nafasi wanaopinga. Hoja yao iliyo nzito kuliko zote ni kwamba uhamisho una sababu. Ofisa anayekaa kiti kimoja miaka 10 hujenga himaya, huwajua wauzaji wa nyama na mafuta kwa majina ya utani, na siku ya kupandishwa cheo anakuwa anajua kona moja tu ya jeshi. Kamanda wa kesho anapaswa kuwa amepita mpakani, makao makuu na darasani. Ni kweli, na sitaki uhamisho ufutwe. Lakini hakuna kinacholazimisha kamanda wa kombania, msaidizi wake, sajini meja na kwata masta wote wahame ndani ya robo moja ya mwaka. Wakipishanishwa kwa miezi 6 au 8, kila mgeni anakuta wenyeji watatu. Marekani waliona upande wa pili wa jambo hili Vietnam, ambako askari alikaa miezi 12 na kamanda wa bataliani mara nyingi miezi 6 tu, na wakalirudia Afghanistan. Wakaguzi wao wenyewe waliandika mwaka 2021 kwamba mizunguko mifupi ilikuwa ikifuta kumbukumbu ya shughuli nzima mwaka baada ya mwaka. Wote hao walikuwa na kompyuta.

Hoja ya pili ni usiri: ukiandika udhaifu wako, adui atausoma. Ina uzito kwa baadhi ya mambo, mathalani masafa ya redio, njia za doria na majina ya watoa habari. Kwa mengine haina. Aliyevunja lango lako anajua lango lilivunjikaje, maana alikuwepo. Asiyejua ni luteni wa miaka 23 aliyetoka chuo cha makadeti cha Lanet mwezi uliopita na kupangiwa lango jingine. Siri inayomficha yeye na kumwacha adui na habari kamili imekosea mlango. Ripoti za ndani za uchunguzi zinaweza kubaki kabatini, hilo ni uamuzi wa serikali, lakini kiini chake kinaweza kuchujwa kiwe kurasa 4 zisizo na majina wala mahali, zikasomwa na kila kamanda wa kombania kabla hajapanda lori. Usafiri wa anga umefanya hivyo miongo mingi: uchunguzi wa ajali wa kuzuia nyingine hutenganishwa na ule wa kumtafuta mwenye hatia, na ndiyo sababu rubani husema ukweli.

Hoja dhaifu kuliko zote, na cha ajabu ndiyo inayopendwa zaidi kwenye redio zetu, ni kwamba vita vimebadilika, sasa ni droni, kwa hivyo ya wazee hayana kazi. Wanaosema hivyo hudhani maarifa ya jeshi ni namna ya kupiga risasi. Sehemu kubwa ni maji, choo, mafuta na unga. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wapagazi wa Kariokor, kikosi cha Waingereza cha kubeba mizigo, ambao Nyanza ilitoa wengi mno kati yao, walikufa kwa makumi ya maelfu, na risasi haikuwa muuaji mkuu. Magonjwa ndiyo yaliyowamaliza, kuhara damu likiwa mbele, na sehemu ya chanzo ilikuwa unga wa mahindi uliopikwa haraka kwenye vyungu visivyotosha, ukaliwa haujaiva, na watu ambao wengine hawakuwa wamezoea chakula hicho. Sufuria zaidi na saa moja zaidi ya moto zingeokoa watu. Tumbo la askari wa droni ni lile lile. Na pipa la dizeli la lita 200 ni lile lile pia: likisimamishwa wima kwenye mvua, maji hutuama juu, na usiku pipa likipoa huyavuta ndani kupitia vizibo. Ndiyo maana mjuzi hulilaza, vizibo vyote viwili vikiwa usawa wa katikati, kimoja kushoto kimoja kulia, ili mafuta yavizibe kwa ndani. Asipojua hilo mpokea stoo, ataandika mapipa 40 yamepokelewa, na wiki ya tatu jenereta itaanza kukohoa, nozeli zimekufa, redio hazina chaji.

Kuhusu kompyuta nitasema machache. Mfumo wa kidijitali ni kabati. Ukiwekwa faili 30,000 bila mtu wa kufuta zilizopitwa na wakati, sajini anayetafuta jibu saa 8 za usiku atampigia simu rafiki yake, kama alivyofanya zamani.

Kinachofanya kazi kinajulikana, na ni cha bei ndogo. Cha kwanza ni kikao cha tathmini mara tu zoezi au doria inapokwisha, kabla watu hawajaoga. Maswali ni manne: tulikusudia nini, kilitokea nini, kwa nini pakawa na tofauti, na tutafanya nini safari ijayo. Robo ya muda iende kwa yaliyotokea, robo kwa sababu, nusu nzima kwa marekebisho. Vikao vyetu, vya kijeshi na vya kanisa, hugeuza mgao huo: muda wote unaliwa na simulizi, kisha mwenyekiti anafunga kwa sala. Wa cheo cha chini kabisa huzungumza kwanza. Kamanda akianza, wengine watabaki na neno moja, "Ndiyo afande," na kikao kimekufa. Yanayosemwa hapo yasitumike kumshtaki mtu. Mara moja tu likitumika, hakuna koplo atakayefungua mdomo tena miaka 5.

Cha pili ni makabidhiano ya viti viwili. Wiki ya kwanza mgeni huketi pembeni akitazama mwenyeji akifanya kazi. Wiki ya pili wanabadilishana, mgeni anafanya, mwenyeji anatazama na kumkatiza anapokosea. Wamarekani huita jambo hili kiti cha kushoto na cha kulia, wakifikiria gari lao. Kwetu usukani uko upande wa pili, kwa hivyo aliyenakili kitabu chao bila kufikiri atamweka dereva mahali pa abiria. Ili lifanyike, ikama lazima iruhusu watu wawili kwenye kiti kimoja kwa siku 14, na kwa mafundi wa kazi nzito siku 60. Hapo ndipo fedha zinahitajika, na ndipo Hazina hukataa, kwa sababu kwenye jedwali watu wawili kwenye kiti kimoja huonekana kama wizi. Mhasibu hana safu ya gharama ya nozeli zilizokufa.

Cha tatu kinaihusu Nakuru moja kwa moja. Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi kilipewa hati mwaka 2021 na makao yake yako Lanet, jirani na chuo cha makadeti. Wengi mjini humo wamekipokea kama kiwanda cha shahada, na wakaridhika kwamba sasa maarifa yamepata nyumba. Shahada humfuata mwenyewe anapostaafu. Chuo kitafaa kumbukumbu ya jeshi ikiwa mwanafunzi wake, meja mwenye miaka 15 kazini, atatakiwa kuandika tasnifu juu ya jambo lililoharibika kwenye kikosi alichotoka, nalo likarudi kwenye kitabu cha mafunzo cha makuruta Eldoret, likiwa na namba ya ukurasa. Kitafaa zaidi kikimwajiri sajini meja mstaafu asiye na shahada yoyote, akakaa darasani na makadeti kuwaonyesha pipa linalazwaje. Nadhani hili la pili litapigwa vita kuliko la kwanza. Wahadhiri wetu hawapendi kushiriki jukwaa na mtu aliyemaliza kidato cha nne, hata kama ndiye pekee anayejua jibu.

Tukirudi ufukweni, uundaji wa meli una desturi moja nzuri: fundi wa kuchomelea hupewa namba yake, naye huigonga au kuiandika kando ya mshono alioumaliza, ili ufa ukitokea ijulikane ni kazi ya nani. Namba hizo hutumika kumsaka aliyekosea. Zinaweza pia kusomwa upande wa pili. Siku mabamba ya meli ijayo yatakapoanza kuunganishwa hapa Kisumu, mkaguzi alinganishe namba za mishono hiyo na zile za MV Uhuru II. Zilizorudi azihesabu. Kwa kila namba mpya, aulize ni namba gani ya zamani ilisimama nyuma yake kwa siku 60.